Mtafiti akianza kukodi

Nilipomwambia mama kwamba nimeacha utafiti na siku hizi nakodi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Unakodi nini, mwanangu?" Alidhani nimechukua pikipiki ya mkataba. Nikamweleza kuwa kukodi huku ni kuandika programu za kompyuta, wala hakuna chumba wala mashine ya kusaga inayohusika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya. Lakini si ulisomea samaki?"

Nimefanyiwa usaili mara nyingi tangu siku ile na sijaulizwa swali lililonibana kama hilo. Jibu langu la wakati ule lilikuwa la aibu: nilimwambia samaki basi tena. Nilikuwa nimekosea, na makala hii ni ya kueleza nilikosea wapi, kwa sababu naona vijana wengi hapa Mwanza wanaelekea kwenye kosa lile lile, tena wakisukumwa na washauri wao.

Mji huu una watafiti wengi kuliko anavyoweza kudhani mtu anayepita Barabara ya Kenyatta na daladala. Kuna TAFIRI upande wa uvuvi, kuna NIMR na MITU upande wa magonjwa, kuna chuo cha afya pale Bugando, kuna Nyegezi yenye chuo cha uvuvi na chuo kikuu cha SAUT jirani yake. Na nyuma ya kila jina linalotokea kwenye chapisho kuna kundi ambalo halitokei: wa maabara, wanaozunguka vijijini na hojaji, wanaoingiza data, wanaoisafisha. Mikataba yao ina umri wa mradi. Mradi ukifa, wanaanza kuulizana kwenye simu ni wapi kuna mwingine unaozaliwa.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi, hali hiyo ilionekana hata kwa wasiojua utafiti ni nini. Kuna niliowafahamu waliofunga kompyuta za ofisi Ijumaa wasijue kama Jumatatu watazifungua. Tangu hapo nimepokea simu nyingi zenye swali moja: "Kaka, hii programu unayofanya, mtu anaanzaje?"

Mtu wa aina hiyo akiuliza mitandaoni, anaambiwa aanze upya. Ajifunze kutengeneza tovuti, achukue kozi ya miezi sita, atengeneze duka la mtandaoni la majaribio, aombe kazi ya ngazi ya chini Dar es Salaam. Yaani mtu mwenye miaka kumi ya kujua data ya malaria inavyodanganya anaambiwa asimame foleni moja na kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye ana vidole vyenye kasi zaidi, anaweza kukesha, na hana watoto. Atashindwa, na kushindwa kwake hakutakuwa na uhusiano wowote na uwezo wake.

Nitoe mfano wa mfumo niliowahi kuushika mwenyewe. Ulikuwa wa kurekodi mavuno ya dagaa kwenye mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi inashushia samaki. Karani wa mwalo anakuwa na simu. Asubuhi mitumbwi ikirudi anajaza mtumbwi gani, wavuvi wangapi, kilo ngapi. Ulitengenezwa na vijana hodari, na sisemi hodari kwa kejeli. Fomu ilikuwa nyepesi, ilikubali kujazwa hata pasipo mtandao, ikatuma yenyewe mtandao ukirudi. Kuhusu kilo walikuwa wameteleza kidogo, kwa sababu mwaloni dagaa wabichi wanahesabiwa kwa ndoo na hakuna anayeweka kila mtumbwi kwenye mizani, lakini hilo lilirekebishwa wiki ya kwanza. Kosa kubwa lilikuwa limejificha.

Dagaa wanavuliwa gizani. Wavuvi wanatoka usiku na taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga na taa ya mvuvi inapoteza mvuto. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inalala ufukweni. Watu wanashona nyavu, wengine wanakwenda kwao kuona familia, wengine wanakunywa walichovuna. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekulia mwaloni anajua hilo.

Mfumo haukujua. Ulikuwa umeelekezwa kwamba siku tatu bila taarifa ni uzembe wa karani. Ukamtumia ujumbe wa onyo, ukarudia, na siku ya tano ukapeleka jina lake kwa msimamizi. Karani mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Alifanya ambalo ningefanya hata mimi: alijaza. Kila mtumbwi, kilo 0. Maonyo yakakoma, na mwisho wa mwezi grafu ofisini ikaonyesha kuwa wastani wa mavuno kwa mtumbwi umeporomoka.

Ukitazama haraka, hiyo ni habari ya kuogofya. Tangu sangara aingizwe ziwani miaka ya 1950 na 1960, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wa aina nyingi kupungua vibaya miaka ya 1980, hapa kwetu mchoro unaoshuka hauchukuliwi kwa mzaha. Kijana aliyekuwa na dhamana ya mfumo alikesha siku mbili akitafuta hitilafu kwenye seva, akijua kuwa lazima kuna kitu kimevunjika. Mimi nilichapa tarehe za zile sifuri kwenye karatasi, nikaweka pembeni yake kalenda ya mwezi. Zilikaa juu ya mbalamwezi kama kifuniko juu ya sufuria yake.

Mvuvi aliyetoka usiku kucha akarudi mikono mitupu anatupa habari za ziwa. Mvuvi aliyelala nyumbani kwake hatuambii lolote kuhusu ziwa. Halafu kuna wa tatu, ambaye alitoka na akavua, ila karani siku hiyo alikuwa anaumwa. Hao ni watu watatu tofauti kabisa, na ndani ya hifadhidata walikuwa wamevaa namba moja. Mtu yeyote aliyewahi kuandika ripoti ya uvuvi angeuliza kuhusu hilo kabla fomu haijatengenezwa. Hakuna kozi ya miezi sita inayofundisha swali hilo, kwa sababu halimo kwenye lugha ya programu. Limo mwaloni.

Wala si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kuwa watu 15,841 waliopimwa wakakutwa na korona walikuwa wameachwa nje ya hesabu za kila siku, na kwa hiyo waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati. Majedwali yalikuwa yakipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakadondoka kimya kimya. Mwaka huo huo, wataalamu wa jenetiki waliamua kubadilisha majina ya baadhi ya jeni za binadamu kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Sayansi ikaipisha programu njia. Mimi huwa nacheka nikilikumbuka hilo, kisha nakoma kucheka.

Kwa hiyo mtafiti anayehama ana mali. Tatizo ni kwamba haijui, na kwenye wasifu wake anaificha. Anaandika "nimejifunza Python", lugha mojawapo ya programu, juu kabisa, halafu miaka saba ya kusimamia data ya jaribio la dawa anaiweka mwishoni, kama mtu anayeomba radhi.

Mali kubwa kuliko zote nadhani ni namna ya kushangaa. Nieleze kwa kisa kinachojulikana kwa kila aliyesoma afya ya jamii Kanda ya Ziwa. Kati ya 1991 na 1994 kulifanyika hapa mkoani jaribio katika jamii 12: nusu zilipata huduma iliyoboreshwa ya kutibu magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, nusu zikasubiri. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995, yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40 kwenye jamii zilizohudumiwa. Jina la Mwanza likazunguka dunia. Kisha Rakai, wilaya ya Uganda iliyokuwa ikipakana na ziwa hili hili wakati ule, wakafanya la kwao: walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakiwapa watu dawa za magonjwa hayo, mwenye dalili na asiye nazo. Mwaka 1999 wakatangaza kuwa VVU haikupungua.

Mtu wa programu akikutana na hali ya namna hiyo ana msemo wake: "Kwangu inafanya kazi." Watafiti hawakuwa na ruhusa ya kusema hivyo. Iliwabidi kukaa na majibu mawili ya kweli yanayopingana na kuuliza ni kipi kilikuwa tofauti. Janga Rakai lilikuwa limekomaa na VVU imeenea kwa watu wengi zaidi, hivyo magonjwa mengine ya zinaa yalikuwa na nafasi ndogo katika maambukizi mapya. Mwanza janga lilikuwa bado changa. Na kutibu mwenye dalili siku anapokuja kituoni hakufanani na kugawa dawa kwa wote kila miezi kumi. Ukitaka kujua kazi ya kusaka hitilafu inafananaje, ndiyo hiyo. Msimbo ule ule, yaani maandishi ya programu, data ile ile, kwenye kompyuta moja jibu ni hili na kwenye nyingine ni lile. Aliyezoea kuuliza "mazingira yao yana tofauti gani" ameshavuka nusu ya njia. Aliyezoea kusema "kwangu inafanya kazi" bado yuko stendi.

Sasa nigeuze shilingi, maana watafiti wenzangu mkisifiwa sana mnavimba.

Wiki ya kwanza kwenye kazi yangu ya kwanza ya programu nilikuja na kitu nilichojivunia: hati ya R, lugha ya programu ya kuchambua takwimu, yenye mistari 1,400 na ushei, iliyokuwa inasafisha data ya mavuno tangu mwanzo hadi michoro. Jina la faili lilikuwa "mwisho_kabisa_3". Aliyekuwa juu yangu alikuwa na miaka 24, mdogo wangu kwa miaka tisa, na aliniita kaka kwa heshima zote. Akaifungua kwenye mashine yake, akaibonyeza iende. Ilikufa mstari wa kwanza, ambao ulikuwa unatafuta folda iliyoko kwenye kompyuta yangu, ndani ya folda yenye jina langu. Nikamrekebishia. Ikafa mstari wa thelathini, palipokuwa panahitaji faili ambalo nilikuwa nalitengeneza kwa mkono kila Jumatatu. "Kaka," akasema taratibu, kama daktari anayetafuta namna ya kulisema jambo, "hii haijawa programu. Hii ni wewe."

Alikuwa sahihi na iliniuma wiki nzima. Utafiti ulinifundisha kuandika msimbo wa kutumika mara moja: ukitoa namba, namba ikaingia kwenye jedwali la pili la ripoti, kazi imekwisha na hakuna atakayeufungua tena. Kwenye programu, siku ya kukabidhi ndiyo mambo yanaanza. Kuna mtu atautumia usiku wa manane umeme ukikatika, kuna mtu ataurithi ukiwa umeshaondoka, kuna karani atabonyeza kitufe ambacho hukuwahi kufikiria kinaweza kubonyezwa. Kuandika vipimo vya kujihakiki, kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, kumwachia mwenzako akusomee na akukosoe kabla ya kitu kwenda hewani: hivi ndivyo vitu ambavyo mtafiti anayehama anapaswa kuvisomea, na vinachukua muda mrefu kuliko lugha yenyewe. Lugha ni wiki chache. Kukubali kukosolewa mstari kwa mstari na mtu uliyemtangulia darasani ni zaidi ya mwaka, nasema kwa uzoefu.

Kuna na tabia ya kuatamia. Mtafiti hataki kutoa kitu kabla hakijakamilika, kwa sababu chapisho likishatoka limetoka. Programu inataka utoe kibaya leo, ukirekebishe kesho kutwa. Nimeona watu wazuri wakiachwa na kazi kwa hilo tu.

Wanaopenda kuhamasisha watu wahame huwa wanamtaja Tim Berners-Lee, msomi wa fizikia aliyebuni wavuti mwaka 1989. Mfano huo unanikwaza kidogo, kwa sababu yule bwana hakuhama. Alikuwa CERN, kituo cha utafiti, na alitengeneza wavuti ili watafiti waweze kupata taarifa za wenzao. R nayo ilianzishwa na watakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka chombo cha kufundishia na kufanyia kazi yao. Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991 alikuwa ameajiriwa na taasisi ya utafiti Amsterdam. Zana tunazokimbilia tukitoroka maabara zilizaliwa maabara, na watu waliokuwa na kiti cha kukalia huku wakizitengeneza.

Kiti hicho ndicho sikioni hapa. Katika ofisi nilizopitia mimi, aliyejua kuandika programu aliwekwa kwenye moja ya mafungu mawili: ama ni mtafiti, na atapimwa kwa machapisho, kwa hiyo miezi minne aliyotumia kutengeneza mfumo unaotumiwa na wenzake wote ni miezi ya kucheza; ama ni mtu wa TEHAMA, na ataitwa printa ikikwama na mkutano wa mtandaoni ukigoma kutoa sauti. Uingereza, mwaka 2012, waliokuwa na kazi ya namna hiyo vyuoni walikaa pamoja wakaipa jina, wakaanza kuidai nafasi yake kwenye ajira na kwenye bajeti za miradi. Leo vyuo vingi kule vina vikundi vya wahandisi wa programu za utafiti. Hawakuhitaji kuvumbua chochote. Walihitaji jina, kwa sababu bila jina afisa utumishi hana mahali pa kukuandika.

Taasisi zetu zikiendelea kumwacha mtu huyo bila jina, ataondoka, na yule atakayebaki ndiye atakayekuwa anajaza data kwenye mfumo ulioagizwa toka mbali. Na mwezi mpevu utatoka.

Wapo watakaoniambia haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi akili mnemba inaandika msimbo na hakuna sababu ya mtu yeyote kujifunza kukodi. Naitumia kila siku. Inaandika haraka na mara nyingi vizuri. Niliipa maelezo ya ule mfumo wa dagaa jinsi vijana walivyoyapata mwanzoni, ikanitengenezea fomu kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na ndani yake ilikuwepo sheria ya kumwonya karani asiyetuma taarifa siku tatu. Aliyeielekeza hakusema habari ya mwezi, itajuaje? Kwa mtazamo wangu ujio wake unampa nafasi zaidi anayejua cha kuuliza, na unamwondolea nafasi yule ambaye mtaji wake wote ulikuwa kasi ya vidole. Foleni ile ya kozi ya miezi sita, kwa maneno mengine, inazidi kurefuka huku dirisha likifungwa.

Kuna la maadili pia, nitaligusa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kampuni nyingi sasa ndiyo zinajifunza kuuliza ridhaa ya mtu kabla ya kuchukua taarifa zake. Mtu aliyepitia kamati ya maadili ya utafiti ameshafundishwa hayo kwa kukataliwa maombi mara tatu. Iandike kwenye wasifu wako. Iweke juu.

Wanaonipigia simu sasa nawaambia hivi: usihame mji, hama dirisha tu. Kama ulikuwa kwenye samaki, tafuta anayetengeneza mifumo ya samaki, ya soko, ya mnyororo wa baridi unaomfikisha samaki sokoni kabla hajaoza. Kama ulikuwa kwenye maabara, kuna mifumo ya hospitali inayolia kupata mtu anayejua sampuli inapotea katika hatua ipi. Mshahara wa mwanzo utakuwa mdogo na bosi atakuwa mtoto. Vumilia.

Ule mfumo wa dagaa tuliufanyia marekebisho. Tukaweka swali jipya mwanzoni kabisa: je, mitumbwi ilitoka jana? Ukijibu hapana unachagua sababu, na ya kwanza kwenye orodha ni mbalamwezi, ya pili upepo, ya tatu nyavu mbovu. Onyo la siku tatu tukalifuta. Nikaenda mwenyewe mwaloni kumwonyesha mzee, nikamwamkia, akanipisha kwenye benchi lake chini ya mwembe, akavaa miwani na kuipitia simu polepole kwa kidole kimoja.

"Mbalamwezi mmeweka," akasema. "Upepo mmeweka. Vizuri, ngosha." Akaendelea kushuka mpaka mwisho wa orodha, akarudi juu, akashuka tena. "Na akizama mtu? Maana hapa mwenzetu akifa majini hatutoki mpaka apatikane azikwe. Hiyo naiweka wapi?"